Usiende Kusikiliza Tu: Mwongozo wa Mkutano wa Watengeneza Tovuti Huria

Novemba 2023, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilikuwa mwenyeji wa DjangoCon ya kwanza barani Afrika. Django ni mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ulizaliwa katika ofisi za gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ukatolewa bure kwa umma Julai 2005, na tangu 2008 watumiaji na watengenezaji wake wamekuwa na mikutano yao. Zanzibar ikawa zamu yetu. Watu ambao majina yao msanidi wa Dar es Salaam au Mombasa alizoea kuyasoma tu kwenye orodha ya mabadiliko ya msimbo walikuwa pale, wanakunywa chai, wanasalimiana, wanaulizika.

Nalitaja hilo la kuulizika mapema kwa sababu wengi huenda kwenye mikutano hii kama waendavyo kwenye semina ya ofisini: kujiandikisha, kukaa, kusikiliza, kula, kusubiri cheti. Mihadhara karibu yote hurekodiwa na kuwekwa mtandaoni bure. Ya WordCamp, mikutano ya jamii ya WordPress, hukusanywa WordPress.tv; ya FOSDEM, mkutano wa programu huria wa Brussels, huwekwa kwenye tovuti ya mkutano wenyewe. Kama shida yako ni mihadhara, nunua bando, kaa nyumbani, okoa nauli. Kinachostahili nauli ni kile ambacho kamera haikioni: maongezi ya koridoni, na ile siku, iitwayo siku ya kuchangia, ambayo watu huacha kuzungumza juu ya programu, wakafungua laptopu na kuitengeneza pamoja. Ushauri wangu wote hapa chini unaelekea huko.

Mkutano upi?

Anza na ulio karibu na mdogo. WordCamp ni mlango mwepesi kuliko yote kwa mtu anayeishi kwa kutengeneza tovuti za wateja. Ya kwanza ilifanyika San Francisco mwaka 2006, na leo zinaandaliwa na watu wa kujitolea katika miji mingi, ikiwemo ya Afrika Mashariki. Kanuni zake zinapendeza: kiingilio hufanywa kuwa cha chini makusudi, wazungumzaji hawalipwi, na mdhamini hanunui nafasi ya kuhutubia kwa fedha zake. Watu wa Python wana PyCon Namibia, iliyoanza Windhoek mwaka 2015, na PyCon Africa, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Accra mwaka 2019. Wa Django tumeshawataja.

FOSDEM ni jambo jingine kabisa. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, katika kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu cha ULB, Brussels. Huingii kwa tiketi wala hujiandikishi. Unafungua mlango unaingia. Wanakuja maelfu ya watu, vyumba vinajaa, mlangoni pananing'inizwa karatasi ya kusema pamejaa, na nje kuna baridi ya kukata masikio. Ni mkutano mzuri sana kwa mtu ambaye tayari ana wenzake wa kukutana nao huko. Kwa mgeni asiyemjua yeyote, nauli ya Brussels ingeweza kumfikisha kwenye mikutano kadhaa ya karibu, ambako baada ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza anajulikana kwa jina.

Fedha, na neno moja la kuuliza

Mikutano mingi ya jamii hizi ina fungu la kuwasaidia wasiomudu. Mfuko wa Django hutoa ruzuku kwa mikutano, na waandaaji nao hutenga sehemu kwa ajili ya nauli na malazi. Fomu za kuomba hufungwa mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya mkutano, wakati watu wengi hawajaanza hata kuuwazia. Basi ukisikia mkutano umetangazwa, kitu cha kwanza kukitafuta ni tarehe ya mwisho ya ufadhili. Ratiba inaweza kungoja.

Andika ombi kwa lugha ya kawaida. Wanaolisoma ni watu wa kujitolea kama wewe, wanasoma usiku baada ya kazi, na wamechoka na maombi yanayosema mwombaji ana shauku kubwa ya teknolojia. Waambie unatengeneza nini, unatumia chombo chao kwa namna gani, utafanya nini siku ya kuchangia, na ukirudi nani atafaidika. Bajeti iwe ya kweli: nauli ya ndege au boti, usiku wa kulala, viza, chanjo. Ukiweza kulipia sehemu, sema sehemu gani. Anayeomba nusu hupata kirahisi kuliko anayeomba kila kitu, kwa sababu fungu ni moja na wanaolitaka ni wengi.

Halafu uliza hili, na uulize kabla ya kukubali: fedha zinatolewa kabla ya safari au zinarudishwa baada yake? Mafungu mengi hufanya kazi kwa kurudisha. Unalipa mwenyewe, unaleta risiti, unalipwa wiki kadhaa baadaye. Kwa msanidi wa Berlin mwenye kadi ya mkopo hilo ni usumbufu mdogo. Kwa kijana wa Mwanza anayelipwa kazi kwa kazi, ndilo linaloamua kama anakwenda au haendi. Waandaaji wengi wakiambiwa waziwazi huwa tayari kukata tiketi ya ndege wenyewe au kulipa hoteli moja kwa moja, lakini hawawezi kulikisia, inabidi uliseme. Hakuna aibu hapo. Uliza pia watalipa kwa njia gani, maana kuna akaunti za mtandaoni zinazoweza kutuma fedha lakini si kupokea katika baadhi ya nchi zetu. Na kila risiti uipige picha siku ileile uliyoipata, kwa kuwa wino wa karatasi za mashine hufifia.

Kuhusu tarehe za mwisho, kuna mtego mdogo. Mikutano mingine huandika kwamba muda unaisha usiku wa manane mahali popote duniani, yaani kwa saa za eneo lililo nyuma kuliko yote. Kwa Afrika Mashariki hapo ni kama saa tisa alasiri ya kesho yake. Wengine huandika kwa saa za London au za mji wa mkutano. Soma vizuri kabla ya kukata tamaa, na usome vizuri zaidi kabla ya kujipa matumaini.

Anayevuka mpaka aanze na pasipoti. Kwa viza ya Schengen, ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15; ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Omba barua ya mwaliko kwa waandaaji mara tu unapothibitishwa, na hakikisha jina lililomo ni lile la kwenye pasipoti, si lile unalotumia mtandaoni. Ndani ya Afrika, cheti cha homa ya manjano ndicho kinachosahaulika zaidi, na bandarini au uwanja wa ndege si mahali pazuri pa kukumbuka.

Kazi ya wiki moja kabla

Hapa ndipo siku ya kuchangia inapookolewa au kupotea, na watu wengi hupapuuza. Ukumbi wenye watu 200, kila mmoja na laptopu na simu, hauwezi kuwa na waifai ya kumtosha kila mtu. Asubuhi ya siku ya kuchangia wote hujaribu kupakua vitu vilevile kwa wakati mmoja. Saa tano inafika, nusu ya meza bado inatazama mstari wa upakuaji usiosogea, na mtunza mradi aliyesafiri saa nyingi kuja kuwasaidia anazunguka akirekebisha mitandao badala ya msimbo.

Kwa hiyo pakua nyumbani. Kama ni Django, chukua nakala nzima ya msimbo wake kwa Git, tengeneza mazingira yake ya Python, na uendeshe majaribio yake mpaka yapite. Ni maelfu, lakini kwa SQLite hayahitaji kuandaa hifadhidata yoyote ya pembeni, na yakipita unajua kompyuta yako iko tayari. Kama ni WordPress, fungua akaunti ya WordPress.org, kisha ujiunge na chumba cha maongezi cha wachangiaji. Hatua hiyo huhitaji kuthibitishwa kwa barua pepe na si ya kufanyia ukumbini. Pakua pia nyaraka za mradi ili uzisome bila mtandao.

Soma mwongozo wa wachangiaji wa mradi huo japo kurasa zake za mwanzo. Kisha tembelea orodha ya hitilafu, uchague mbili tatu ambazo unazielewa, uziandike pembeni. Miradi yote miwili huweka alama kwenye kazi zinazowafaa wageni. Usichague moja tu, kwa sababu utafika ukute imeshachukuliwa.

Kwenye begi beba chaja, pawabenki, na adapta ya soketi ukienda Ulaya, maana plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kule. Ekstensheni fupi yenye matundu manne ni rafiki wa kweli: ukiichomeka ukutani, watu watatu watakuja kukaa karibu nawe wenyewe, na hapo umeshapata wenzako wa siku nzima bila kujitambulisha kwa mtu.

Ukiwa ukumbini

Usijaze ratiba. Chagua mihadhara miwili au mitatu kwa siku, iliyobaki iache kwenye rekodi. Vigezo vyangu ni viwili. Nenda pale ambapo una swali la kweli kwa mzungumzaji, kwa kuwa video haijibu. Na nenda kwenye mada usiyoijua kabisa, kwa kuwa nyumbani hutaibonyeza. Mhadhara juu ya kitu unachokifanya kila siku utaufurahia sana, lakini utatoka nao kama ulivyoingia.

Mihadhara ya dakika 5 usiikose. Kwenye mikutano mingi unajiandikisha asubuhi ileile kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na hakuna anayechuja. Ndiyo nafasi bora ya mara ya kwanza kusimama mbele ya watu wa fani: ni fupi mno kuharibika vibaya, na wasikilizaji huwa wapole. Usielezee kampuni yako. Onyesha kitu kimoja kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo. Mfumo wa kupokea malipo ya simu ulioujengea duka la vifaa vya ujenzi utawashangaza watu wa Ulaya kuliko unavyodhani, maana kwao kulipa kwa ujumbe wa simu isiyo janja bado ni habari. Weka picha za skrini, usitegemee mtandao wa ukumbi. Na ikikupendeza, mwaka unaofuata utume mada ya mhadhara kamili. Wanaochagua mada mara nyingi hawaoni jina la mwombaji katika mzunguko wa kwanza, hivyo kutofahamika si kikwazo kikubwa.

Sasa koridoni. Kuna kanuni iliyoenezwa na Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa jamii ya Write the Docs, na leo inatajwa katika mikutano mingi. Watu wakisimama duara wakizungumza, waache pengo la mtu mmoja, duara lifanane na Pac-Man wa mchezo wa kompyuta aliyefungua mdomo; na mgeni akiingia, wasogee kufungua pengo jingine. Kwa hiyo ukiliona pengo, limeachwa kwa ajili yako. Kupiga hodi hakuhitajiki, ingia, sikiliza dakika mbili, jitambulishe maneno yakitulia. Na wewe ukiwa ndani ya duara, hasa ukiwa na wenzako mnaozungumza Kiswahili, acheni pengo na mbadilishe lugha mgeni akifika. Wakenya, Watanzania na Wakongo tukikutana ugenini tuna tabia ya kufunga duara likawa baraza la nyumbani. Furaha yake ni kubwa, lakini baraza hilo lingeweza kufanyika usiku kwenye chakula.

Wengi wetu tumelelewa kumngoja mkubwa amalize, na kutomuuliza mbele za watu jambo linaloweza kumtia aibu. Ni malezi mazuri, ila ukumbini humu yatakufanya ukae kimya siku tatu. Katika jamii hizi watu huitana kwa jina la kwanza, hata viongozi wa mradi, na kumwambia mtu kwamba hukuielewa sehemu ya nyaraka alizoandika huchukuliwa kama msaada. Shikamoo itoe kwa mzee anayewakaribisha getini. Kwa mtunza mradi wa miaka 26 aliyevaa kandambili, jina lake linatosha. Swali nalo liwe swali. Anayeshika kipaza sauti akaeleza historia ya kazi yake kwa dakika tatu anachosha kwa lugha yoyote.

Kanuni za mwenendo huandikwa na husimamiwa kweli. Mtu akikusumbua, kwa maneno au kwa mikono, kuna waliopewa kazi ya kupokea malalamiko, na majina yao hutangazwa asubuhi ya kwanza; yaandike. Kwenye mikutano mingine rangi ya kamba ya beji huonyesha nani hataki kupigwa picha. Angalia kabla ya kuinua simu.

Meza za wadhamini zipitie, lakini baada ya siku ya kwanza, wakati waliokuja kwa ajili ya stika na fulana wameshapungua. Hapo wahandisi waliosimama nyuma ya meza wamechoka kutoa maelezo ya kuuza na wako tayari kuzungumza kazi yenyewe. Kama unatafuta ajira, usianze kwa wasifu. Uliza wanaitumiaje programu hiyo, wapi inawasumbua, kisha eleza ulichokifanya kinachofanana. Ajira nyingi za fani hii hutoka kwa mtu aliyekuona ukitatua jambo, na siku ya kuchangia ina nafasi hizo nyingi kuliko meza za wadhamini.

WordCamp nyingi huwa pia na dawati la msaada, ambapo yeyote anakuja na tovuti yake iliyogoma na kukaa na mtu anayeweza kuifufua bila malipo. Kama umetengeneza tovuti kwa miaka miwili, kaa upande wa wanaosaidia walau saa moja. Utakutana na matatizo ambayo wateja wako hawajakuletea bado.

Na kama wewe ni mwanamke unayeanza, ulizia warsha ya Django Girls, ambayo mara nyingi huambatanishwa na mikutano hii. Ilianzishwa na Wapolandi wawili, Ola Sitarska na Ola Sendecka, Berlin mwaka 2014. Ni ya bure, inachukua siku moja hivi, na unamaliza ukiwa na tovuti yako hewani. Aliyekwisha kupita hatua hiyo anahitajika zaidi kama kocha. Kocha mmoja huketi na wanafunzi watatu hivi, na kumfundisha mtu kwa nini kompyuta imekataa alichoandika ni mtihani mkali wa unachodhani unakijua.

Siku ya kuchangia

Wengi huondoka kabla ya siku hii. Wanafungasha, wanasema hawajafikia kiwango, wanawahi boti ya saa sita. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote katika safari nzima, kwa kuwa siku hii ndiyo pekee ambayo mtu wa juu kabisa kwenye mradi anakaa bega kwa bega na asiyejua pa kuanzia, na anakuwa amekuja kwa ajili hiyo.

Ukumbi hugawanywa kwa meza. WordPress huweka meza ya msimbo wa msingi, ya tafsiri, ya nyaraka, ya usanifu, ya majaribio, ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu na nyingine, kila moja na kiongozi wake. Si lazima uwe mwandishi wa msimbo. Mwalimu, mpiga picha, mhariri wa gazeti, wote wana pa kukaa. Chagua meza moja ukae hapo, usizungukezunguke. Kazi yoyote ya maana huanza kueleweka baada ya saa moja.

Kazi ya kwanza iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuthibitisha hitilafu iliyoripotiwa na mtu mwingine. Unasoma ripoti, unafuata hatua zake kwenye kompyuta yako, kisha unaandika: imetokea kwangu pia, kwa toleo hili, kwenye mfumo huu, au haikutokea, na hivi ndivyo nilivyojaribu. Haihitaji kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, lakini inamwondolea mtunza mradi kazi anayoichukia, na wewe inakupitisha sehemu za programu ambazo usingezifungua. Katika Django, ripoti mpya lazima ikubaliwe kwanza na mtu mwingine kabla marekebisho hayajaandikwa. Hapo ndipo foleni ilipo, na hapo ndipo mkono wa ziada unapoonekana.

Inayofuata ni nyaraka. Nyaraka za Django zimo ndani ya hazina ileile ya msimbo, na kosa dogo la tahajia au sentensi iliyopinda unaweza kuirekebisha bila kwanza kufungua ripoti. Kumbuka ile sehemu iliyokukwamisha ulipokuwa unajifunza. Walioiandika wameshasahau ilivyo kutojua. Wewe bado unakumbuka, na kumbukumbu hiyo haidumu.

Tafsiri ya Kiswahili ina utamu wake na balaa lake. WordPress hutafsiriwa kwenye translate.wordpress.org, Django kupitia Transifex, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za miradi yote miwili. Utakutana na sentensi zenye mapengo yanayojazwa na programu yenyewe. Mapengo hayo, yawe kwenye mabano ya mviringo au ya mawimbi, uyaache kama yalivyo. Ukibadilisha herufi moja ndani yake, ukurasa unaweza kuvunjika. Balaa ni ngeli. Sehemu ya usimamizi ya Django hutumia sentensi ileile kutangaza kwamba kitu chochote kimeongezwa, na jina la kitu huingizwa baadaye. Kiingereza hakijali kama kilichoongezwa ni mtumiaji, kitabu au picha. Kiswahili kinajali: ameongezwa, kimeongezwa, imeongezwa. Mtafsiri aliye peke yake nyumbani huchagua moja na kuvumilia. Mtafsiri aliye ukumbini anasimama, anakwenda meza ya msimbo hatua kumi mbali, anamwonyesha mwenye sehemu hiyo, na wanatafuta pamoja namna ya kuipanga sentensi upya, kwa mfano kutanguliza jina, kuweka nukta pacha, kisha neno lisilobeba ngeli, au kuongeza maelezo ndani ya msimbo ya kuwasaidia watafsiri. Kwa barua pepe jambo hilo lingehitaji miezi, na Mmarekani anayelisoma angehitaji kwanza kuamini kwamba ngeli zipo.

Ukichagua kuandika msimbo, jipe lengo dogo mno kiasi cha kukuonea haya. Soma maoni yote yaliyo chini ya ripoti kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi mtu alishajaribu na kueleza kwa nini hakufaulu. Kama kuna jina la mwingine kwenye kazi hiyo, muulize kabla ya kuichukua, hata kama amenyamaza muda mrefu. Anza kwa kuandika jaribio linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu ile. Jaribio tu, bila marekebisho, ni mchango. Ukikwama kwa dakika 20, inua mkono. Katika siku nyingine zote ungepaswa kuhangaika kwanza. Leo hapana, saa za watu hawa ni chache.

Msimbo wako ukikosolewa mbele yako, na utakosolewa, tazama kwamba mkosoaji ameangalia kila mstari. Huko kazini nani amewahi kukusomea msimbo hivyo?

Ukisharudi

Ndani ya wiki ya kwanza waandikie watu wachache uliozungumza nao, kila mmoja ujumbe mfupi unaotaja jambo mlilozungumza. Wanaokutana na watu mia kwa siku tatu hawakumbuki sura, wanakumbuka mada. Tuma risiti zako kama ulikuwa unarudishiwa fedha, na uandike taarifa fupi ya safari hata kama wafadhili hawakuiomba. Waandaaji huitumia kuombea fungu la mwaka unaofuata.

Kisha malizia ulichokianza. Marekebisho mengi ya siku ya kuchangia hufa katika wiki mbili zinazofuata. Sababu mara nyingi si ubaya wake. Mwandishi amerudi kazini, na mkaguzi anaandika maoni yasiyojibiwa. Tenga jioni moja kwa wiki. Ukipewa maoni, jibu hata kwa kusema utayashughulikia Jumamosi. Ukimya ukizidi wiki tatu, uliza kwa upole, mara moja, mahali mradi ulipoelekeza.

Na kwa Django kuna jambo dogo la kiofisi ambalo wageni wengi hawaambiwi. Mkaguzi akiona kazi yako ina kasoro, huweka alama kwenye ripoti kwamba marekebisho yanahitaji kuboreshwa. Alama hiyo huitoa kazi yako kwenye foleni ya kukaguliwa. Ukisharekebisha na kutuma upya, haiondoki yenyewe. Ingia kwenye ripoti, iondoe kwa mkono wako, uandike umebadilisha nini. Usipofanya hivyo utangoja mwaka mzima ukidhani wamekudharau, na wao wakidhani bado unaifanyia kazi.